Sufuria za mkaa zinapohamia kwenye gesi

Nyumba ikihamia gesi hununuliwa jiko, mtungi, mpira na regyuleta. Sufuria hubaki zile zile zilizokuwa zikikaa juu ya mkaa. Baada ya siku chache malalamiko yanaanza: wali unashika chini na juu bado una kiini, maziwa yanaungua kabla hayajachemka, masikio ya sufuria hayashikiki, na chungu kilichopika mchuzi wa samaki miaka yote kinapasuka asubuhi moja. Lawama anapewa fundi wa jiko au gesi yenyewe. Mara nyingi gesi haina kosa. Chombo kimepewa moto wa aina nyingine, na hakuna aliyekikagua kwanza.

Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Kenya nako mtungi mdogo wa kilo 6 umeingia hadi kwenye chumba cha kupanga. Kwa hiyo suala la vyombo linawahusu watu wengi sana, na linastahili kuelezwa kwa utaratibu kuliko ushauri wa "nunua nzito" unaotolewa sokoni.

Tuanze na moto wenyewe. Mkaa hujaza bakuli zima la jiko, na joto lake hukipiga kitako cha sufuria karibu kote kwa usawa. Baadaye makaa yanalegea yenyewe, na chakula kinamalizikia kwenye moto mdogo bila mpishi kufanya lolote. Gesi haifanyi hivyo. Ndimi zake hutoka kwenye matundu yaliyopangwa duara, ni kali kuliko kaa lolote, na usipogusa swichi ukali hubaki ule ule mpaka mtungi uishe. Sufuria nyembamba haina nafasi ya kulisambaza joto hilo kabla halijakifikia chakula. Pika uji kwenye sufuria ya namna hiyo, uumimine, kisha tazama ndani: utaona duara la kahawia lenye upana sawasawa na kichwa cha jiko. Ukiona duara hilo, jua kitako ni chembamba mno kwa gesi, hata kama sufuria bado mpya na inang'aa.

Unene wa sufuria ya alumini ni vigumu kuujua kwa macho, kwa sababu ukingo wa juu huwa umekunjwa. Mkunjo ule unaifanya bati ya milimita moja ionekane nene. Njia ya kuaminika ni mizani. Alumini ina uzito wa gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo sufuria yenye kipenyo cha sentimita 24 na kina cha sentimita 12, ikiwa na unene wa milimita 2, itakuwa na gramu 700 na kidogo bila mfuniko. Ikiwa mizani ya muuza mchele hapo jirani inasoma gramu 350 au 400, unene wake ni milimita moja tu. Hiyo ni ya kuchemshia maji ya kuoga na chai ya rangi. Kwa wali, maharage ya nazi, uji na ugali juu ya gesi, usishuke chini ya milimita 2. 3 ni bora. Ukiwa huna mizani, shika sufuria kwa mikono miwili na bonyeza ubavu kwa vidole gumba. Ukisikia unaingia na kurudi, iache.

Zile sufuria nzito za kusubu, zinazomiminwa kwenye kalibu kutokana na vyuma chakavu, zinaonekana jibu rahisi. Ni nene, zinatulia, na zinapika wali vizuri mno. Shida yake iko kwenye malighafi. Fundi huyeyusha chochote cha alumini kilicholetwa: vipande vya injini, rejeta, vyombo vilivyokufa, na kwenye mchanganyiko huo huweza kuingia madini ya risasi. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya sufuria na vyombo 42 vya namna hii kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na baadhi vilikutwa vikiachia risasi kwenye kimiminika chenye uchachu kilichochemshiwa ndani. Risasi haionekani, haina ladha, na hudhuru zaidi ubongo wa mtoto mdogo. Kusugua hakuiondoi, kwa kuwa imo ndani ya chuma chenyewe. Mimi nisingepikia mtoto uji wa ndimu au mchuzi wa ukwaju kwenye sufuria ya kusubu isiyojulikana ilikotoka. Kama unayo tayari na huwezi kuiacha, ibakize kwa vyakula visivyo na uchachu, na usilaze chakula ndani yake.

Hilo la kulaza chakula linahusu alumini zote, hata ya kiwandani. Alumini hujifunika ngozi nyembamba ya kijivu ambayo ndiyo inayoilinda. Nyanya, ukwaju, ndimu na siki huila ngozi hiyo taratibu, na magadi huila kwa kasi zaidi. Maharage yaliyopikwa na magadi huiacha sufuria nyeusi ndani. Weusi huo wenyewe si sumu na hauhitaji vita. Anayeusugua kwa mchanga kila siku anaimaliza sufuria: kila msuguo unaondoa ngozi, ngozi mpya inajijenga kwa kula chuma, na baada ya miaka michache kitako kinatoboka pale pale mwiko ulipokuwa ukipita. Ukitaka iwe nyeupe kwa ajili ya wageni, chemsha maji yenye vijiko viwili vikubwa vya siki kwa kila lita, au maganda ya ndimu tatu, kwa dakika 15. Weusi utaachia wenyewe. Usiwahi kutia kostiki ya kuzibulia mabomba kwenye alumini. Inachemka, inatoa gesi inayoshika moto, na inaacha mashimo.

Kwa nje kuna masizi ya miaka ya mkaa na kuni. Watu wengi huyaacha, wakisema gesi haioni sura. Ila tabaka lile nene hukauka kwenye moto wa gesi, linabanduka magamba, na magamba yanadondoka kwenye matundu ya kichwa cha jiko. Tundu likiziba, ulimi unakuwa wa njano, na ulimi wa njano unaleta masizi mapya. Lowesha kitako kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga kwa saa moja, kisha sugua kwa stilwaya. Hapa stilwaya ina ruhusa, kwa sababu ni nje. Baada ya hapo sufuria ikipakwa masizi tena juu ya gesi, usiilaumu: toa kichwa cha jiko, kioshe, zibua matundu kwa sindano, na angalia kama tundu la kuingizia hewa chini halijazibwa na utando wa buibui au mafuta. Moto wa gesi ulio sawa ni wa bluu na hauachi alama.

Kagua sasa kitako. Weka sufuria juu ya marumaru au kioo, bonyeza ukingo upande huu na upande ule. Ikicheza, kitako kimevimba. Kwenye mkaa haikujalisha, makaa yalikuwa yanaifuata. Kwenye vyuma vya jiko la gesi sufuria iliyovimba inayumba, na mafuta yanakimbilia pembeni yakiacha katikati pakavu, ndiyo maana vitunguu vinaungua mahali pamoja. Uvimbe mdogo fundi wa bati anaweza kuunyoosha kwa nyundo ya mbao juu ya gogo. Uvimbe mkubwa uache. Ukinyoosha alumini iliyokwisha kunyooshwa inapasuka.

Karai ya maandazi ni hatari zaidi, na hapa sitalegeza neno. Karai ya mkaa ina kitako cha mviringo, ilitengenezwa izame kwenye bakuli la jiko. Ukiiweka juu ya vyuma vinne vya jiko la gesi, inakaa kwenye ncha tu, na ndani mna lita mbili za mafuta ya nyuzi 180. Mtoto akiigusa, au wewe mwenyewe ukigeuza andazi kwa nguvu, inapinduka. Mpelekee fundi wa kuchomelea akutengenezee pete ya chuma, kipenyo kama sentimita 20, kimo sentimita 4 hadi 5, yenye matundu makubwa ubavuni ili moto upate hewa. Au achana na karai, kaangia kwenye sufuria nene yenye kitako bapa. Vyovyote iwavyo, mafuta yasizidi nusu ya kina, kwa sababu unga ukiingia yanapanda na kutoa mapovu, na kwenye gesi ndimi ziko wazi pembeni. Mafuta yakishika moto, zima swichi, funika kwa mfuniko au sinia, na ukae mbali. Maji hapana, hata kikombe.

Jambo jingine linalofanana na hilo ni jiko linalokaa moja kwa moja juu ya mtungi wa kilo 6. Vyuma vyake vya kushikilia sufuria ni vifupi. Sufuria isiyozidi mikono ya vyuma hivyo inafaa. Inayozidi inaegemea upande mmoja na pia inarudisha joto chini kwenye valvu. Kwa familia ya watu watatu au wanne, sufuria ya sentimita 20 hadi 24 inatosha hapo. Pilau ya watu kumi ipikiwe chini, kwenye jiko la sakafuni au kwenye mkaa.

Ugali usisongwe kabisa juu ya jiko la mtungi. Usisongwe vilevile juu ya jiko la kioo. Kioo kile kimekazwa kiwandani, kinastahimili joto na kishindo kidogo, lakini msonge mzito unakikandamiza na kukitikisa huku kikiwa cha moto, na kikikatika kinapasuka vipande elfu kwa mara moja. Sufuria pana inayofunika kioo nje ya vyuma nayo inakipasua, kwa kurudisha moto chini. Acha angalau sentimita tano kati ya ukingo wa sufuria na pembe za kioo au pleti ya pili. Kwa ugali, chemsha maji na upike uji juu ya jiko, tia unga mpaka ushikane, kisha teremsha sufuria sakafuni juu ya kata ya nguo iliyolowa maji. Songa hapo kwa nguvu zako zote. Rudisha motoni mdogo dakika mbili tatu uive, teremsha, songa tena. Wanaopika kwenye jiko la bati wanaweza kusongea juu yake, ila waangalie masikio: yawe mapana, yamefungwa kwa ribiti mbili kila upande. Sikio la ribiti moja linazunguka, na tundu lake ndilo la kwanza kuvuja.

Masikio yenyewe yanaungua kwa sababu moja tu: ndimi zimezidi kitako. Ulimi wa moto unaoonekana nje ya sufuria haupiki kitu, unapasha ukuta na kuyeyusha vishikio vya plastiki. Punguza swichi mpaka ncha za ndimi ziishie ndani ya kitako kwa sentimita moja au mbili. Ukizoea hilo peke yake, mtungi utaona unachelewa kuisha.

Wali ndio mtihani wa kila sufuria ya pwani. Kwenye mkaa, maji yakikauka, makaa hutolewa chini na kupaliwa juu ya mfuniko, joto linashuka kutoka juu na punje zinaachana. Kwenye gesi huwezi kupalia juu. Kinachosaidia ni kulainisha moto wa chini hadi ufanane na makaa yanayokufa. Chukua sufuria ya milimita 3, mchele uliooshwa na kulowekwa dakika 20, vikombe 2 vya mchele kwa vikombe 3 vya maji au tui jepesi. Mchele mpya wa Kyela huhitaji pungufu kidogo, mchele wa zamani zaidi kidogo. Moto wa wastani mpaka maji yakauke juu ya mchele na vitundu vionekane. Hapo weka chuma cha chapati chini, juu ya moto mdogo kabisa, na sufuria juu yake. Funika kwa kitambaa safi cha pamba chini ya mfuniko, ncha za kitambaa zikunjwe juu zisifikie moto. Dakika 15, bila kufunua. Zima, acha dakika 10 nyingine. Chuma kile kinalipokea duara la moto na kulitandaza, na kitambaa kinanywa mvuke ambao ungerudi kuwa matone na kuulainisha wali juu. Tui zito litiwe mwishoni, kabla ya kufunika.

Chuma cha chapati basi kinastahili kununuliwa vizuri, kwa kuwa sasa kina kazi mbili. Chagua cha chuma hasa, milimita 4 au zaidi, bapa. Chuma hupitisha joto polepole, alumini inakizidi kama mara nne au tano, ila kina uzito wa kulitunza joto likishaingia: unga baridi wa chapati ukitua juu yake hakishtuki. Kwenye gesi lazima kipashwe taratibu, dakika tano kwa moto mdogo, ukikigeuza robo duara kila dakika. Ukikiwashia moto mkubwa kwa haraka kinapinda, na kilichopinda hakirudi. Nyunyizia tone la maji: likichemka na kutulia mahali pamoja, bado, likikimbiakimbia kama shanga, anza.

Chuma kipya kinakuja na mafuta au nta ya kiwandani ya kuzuia kutu. Kioshe kwa maji ya moto na sabuni, hii ni mara yake ya mwisho kuonja sabuni nyingi, kikaushe juu ya moto. Paka mafuta ya alizeti kote, mbele na nyuma, halafu futa kwa kitambaa kikavu kana kwamba ulikosea kuyapaka. Kinachobaki ndicho kinachotosha. Weka motoni, kitoe moshi mwepesi kwa dakika kumi, kipoe. Rudia mara nne. Mafuta hugeuka kuwa ngozi ngumu, nyeusi, inayozuia kushika. Ukipaka mengi, ngozi inakuwa ya gundi, inanata vidole na kubanduka na chapati ya kwanza; dawa yake ni kusugua yote na kuanza upya. Wakati wa kupika, futa unga ulioungua kati ya chapati na chapati, vinginevyo chapati ya tano itakuwa na madoa machungu. Ukimaliza, kwangua kwa mbao, futa, paka tone la mafuta. Tanga, Mombasa, Unguja, popote hewa ina chumvi, chuma kilichoachwa bila mafuta kinaota kutu ndani ya usiku mmoja. Kutu nyepesi huondoka kwa stilwaya. Nzito, loweka kwenye siki na maji nusu kwa nusu, nusu saa, usizidishe saa moja kwa sababu siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma. Suuza, kausha motoni papo hapo, na urudie mafuta.

Chungu nakionea huruma kuliko vyote, maana ndicho kinachotupwa kwanza. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, na vile vya wafinyanzi wa Pemba, vimechomwa kwa moto wa wazi, havina rangi ya kung'arisha, na kuta zake zimejaa vitundu vidogo. Vitundu hivyo ndivyo vinavyokisaidia kustahimili makaa. Ulimi wa gesi unakipasha mahali pamoja kwa kasi, mahali hapo panatanuka, pengine bado pa baridi, na ufa unaanza. Kama huwezi kukibakizia jiko dogo la mkaa, kipikie juu ya chuma bapa kama wali, kikiwa na kimiminika ndani tangu mwanzo, moto mdogo kabisa dakika kumi za kwanza ndipo upandishe hadi wastani, usifike mkubwa. Kukaanga vitunguu kwa mafuta matupu ndani ya chungu juu ya gesi ni kukiua. Kaanga pembeni, mimina. Ukitaka kuongeza maji, yawe ya moto. Zima gesi dakika kumi kabla ya muda wako wa kawaida. Chungu kitaendelea kutokota chenyewe, na mchuzi wa kupaka unapenda hivyo.

Kukichagua, kigonge kwa kifundo cha kidole huku umekishika kwa mkono mmoja ukingoni. Kizima kinalia. Chenye ufa kinatoa sauti ya kufa, hata kama ufa hauonekani. Kikishafika nyumbani kiloweke usiku mzima, kikauke kivulini, kipake mafuta ya nazi ndani, kisha kichemshie uji mwepesi au maji ya kuoshea mchele kwa nusu saa na kumwaga. Wanga unaziba vitundu. Kikitoa jasho kwa nje mara za mwanzo, kiache. Kikidondosha matone, kirudishe. Kioshe kwa maji ya moto na makumbi ya nazi, bila sabuni, kwani udongo unanywa sabuni na kuitema kwenye mchuzi wa kesho. Kikaushe kifudifudi juu ya vijiti hewa ipite, maana kikifunikwa kibichi kinaota ukungu.

Sufuria za stili isiyoshika kutu nitazipitia haraka. Kosa la kawaida ni kununua ya tabaka moja: stili hupitisha joto vibaya sana, alumini inaizidi zaidi ya mara kumi, hivyo ya tabaka moja inaunguza pale pale penye moto. Geuza sufuria utazame kitako. Iwepo sahani nene ya alumini iliyobanwa kati ya stili na stili, ionekane kama pete ukingoni. Chumvi itiwe maji yakishachemka, kwa sababu punje zikitulia chini kwenye maji baridi zinachimba vidoa ambavyo havitoki. Rangi za upinde wa mvua ndani ni joto kupita kiasi, siki kidogo inazifuta. Ikikaukiwa maji motoni, zima na uiache ipoe. Maji baridi yanaweza kuibandua sahani ya chini. Wanaofikiria jiko la umeme la induksheni wajaribu sumaku kwenye kitako: isiposhika, sufuria haitapata moto kabisa.

Vikaango visivyonata vina matumizi yake, mayai na samaki laini, basi. Ngozi yake huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260, na kikaango kitupu juu ya gesi kali kinafika huko kwa dakika chache. Moshi wake huua ndege wa kufugwa ndani na huwatia watu homa. Kwa hiyo mafuta kwanza, moto wa wastani, mwiko wa mbao. Juu ya mkaa visitumike kabisa, huwezi kuuamuru mkaa. Ngozi ikianza kubanduka, kitoe jikoni.

Ukibaki na fedha ya chombo kimoja tu kipya, nunua sufuria ya presha. Maharage ya kilo moja kwenye sufuria ya kawaida yanakula saa mbili na zaidi, na aliyepo Mbeya au Nairobi, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 94, anasubiri zaidi. Ndani ya presha joto linakaribia 120 na maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva kwa dakika 20 hadi 30 tangu filimbi ya kwanza, moto ukiwa umeshapunguzwa. Usijaze zaidi ya nusu kwa maharage, dengu au mbaazi, kwa sababu maganda na povu hupanda na kuziba tundu la mvuke. Kijiko cha mafuta kinalipunguza povu. Kila mara kabla ya kufunga, inua mfuniko utazame tundu kwenye mwanga au lipulize. Mpira uoshwe kila mara, upakwe mafuta kidogo, na ubadilishwe ukishakuwa mgumu au ukipasuka vinyufa ukiukunja. Nunua wa namba ile ile ya lita, usikate wa presha nyingine. Mvuke ukipita pembeni badala ya juu, mpira umekwisha au ukingo umeingia mchanga. Ukizima, iache ishushe pumzi yenyewe mpaka uzito wa filimbi ukiinuliwa usitoe sauti, ndipo ufungue. Mfuniko unaogoma kufunguka unagoma kwa sababu mvuke bado umo ndani, kwa hiyo usiupige wala usiutie bisibisi.

Na sufuria zile nyembamba zilizofeli kwenye mizani si za kutupa. Zinachemsha maji upesi kuliko zote, zinafaa kuoshea mchele, kulowekea maharage, na kufunikia unga wa chapati unapopumzika.